Kufungwa kwa Vituo vya Watoto Wadogo na Nafasi ya Mlezi: Somo kwa Wanachuo wa Elimu ya Awali

Katika wiki ya pili ya Mei 2024 nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye kituo cha watoto wadogo, katika kitongoji kilicho mbali kidogo na mji wa Bariadi. Andalio la somo lilikuwa safi. Zana zilikuwa tayari mezani: vifuniko vya soda vilivyooshwa, vijiti vya mabua ya mtama vilivyokatwa kwa kimo kimoja, na kadi za picha. Lakini watoto walikuwa saba tu, ilhali daftari la mahudhurio la Februari lilionyesha watoto arobaini. Nilipouliza sababu, mwanachuo alinijibu, "Mwalimu, mlezi ameacha kazi. Yuko shambani anavuna pamba." Wale saba walikuwa watoto wa nyumba za jirani. Wengine wote walikuwa wakiletwa na mlezi mwenyewe, ambaye kila asubuhi alipita mji kwa mji akiwakusanya. Wiki tatu baadaye kituo kilifungwa.

Jengo lake halikuwa na kasoro yoyote. Bati lilikuwa zima, sakafu ilikuwa ya saruji, na ubao ulikuwa umepakwa rangi mpya. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama sisi wakufunzi tunawafundisha wanachuo jambo lililo sahihi tunapowaambia kwamba mambo ya lazima kwa darasa la awali ni mazingira, zana na mtaala. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jambo la kwanza ni mtu anayekaa na watoto, na kwamba suala la malipo yake, ambalo tumezoea kulihesabu kuwa la watawala, halina budi kuingia katika masomo yetu ya mbinu za kufundishia.

Mlezi ni nani?

Mlezi ninayemzungumzia si mwalimu mwenye cheti. Aghalabu ni mwanamke wa kijijini aliyemaliza darasa la saba, au kidato cha nne, akachaguliwa na mkutano wa kitongoji kwa kuwa ana subira na watoto. Mahali pengine huitwa mwalimu msaidizi, mahali pengine mwalimu wa kujitolea. Jina hili la pili linahitaji kutazamwa kwa makini, maana kujitolea ni hiari ya mtu, nayo hiari haiwezi kudaiwa kila siku ya kazi kwa miaka mitatu.

Jambo lenyewe si geni nchini. Enzi za vijiji vya ujamaa, vituo vya kulelea watoto vilianzishwa ili akina mama waweze kushiriki kazi za shamba la kijiji, na Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulivihimiza sana. Mlezi alipewa posho kutoka katika mapato ya kijiji. Mwaka 1981 Bunge likatunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, ambayo baadaye ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ile ya themanini, vijiji vingi havikuwa tena na fedha za posho, na walezi wakarudi mashambani. Majengo yakageuzwa maghala. Anayedhani kwamba kilichotokea katika kitongoji nilichokitaja ni ajali ya mwaka mmoja na akumbuke hayo.

Elimu ya awali iliingizwa rasmi katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, na sera ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda wa mwaka mmoja. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa. Watoto wakamiminika. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini kila aliyepata kupita katika shule zetu anajua kwamba darasa la awali lenye watoto 25 ni la kutafutwa kwa taa. Kadhalika waraka wa serikali wa 2016 ulikataza michango ya lazima shuleni, jambo ambalo lilikuwa la haki kabisa kwa wazazi maskini. Walakini mahali pengi agizo hilo lilieleweka kuwa mzazi asitoe chochote, na walimu wakuu wakaogopa kupokea hata shilingi mia tano zilizotolewa kwa moyo. Posho ya mlezi ilikuwa ikitoka katika shilingi hizo hizo.

Hesabu ya kituo kimoja

Nilimfuata mlezi yule shambani. Baada ya kumwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamweleza kwamba sikuja kumlaumu. Alicheka kidogo, akaendelea kuchuma. "Tangu Januari nimelipwa mara mbili, Mwalimu," alisema. "Mara ya kwanza elfu kumi na mbili, mara ya pili elfu sita na nusu debe ya mahindi. Hapa nalipwa kwa kilo, na jioni hiyo hiyo nina fedha mkononi."

Maneno hayo niliyarudisha chuoni, nikayafanya kuwa hesabu ya darasa. Nawashauri wakufunzi wenzangu wajaribu vivyo hivyo, kwani wanachuo huamka zaidi mbele ya tarakimu kuliko mbele ya hotuba. Mapatano ya wazazi yalikuwa shilingi 1,000 kwa kila mtoto kwa mwezi. Watoto ni 40. Kwa hiyo mlezi alitarajia shilingi 40,000. Kazi yake ilikuwa saa 4 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, yaani saa 88, bila ya kuhesabu mwendo wa asubuhi wa kuwakusanya watoto. Hata kama kila mzazi angelipa, malipo ya saa moja yangekuwa shilingi 454. Katika miezi minne alipata fedha taslimu shilingi 18,000 kwa saa 352. Hiyo ni shilingi 51 kwa saa. Mwanachuo mmoja aliyekaa nyuma alisema kwamba fedha hiyo hainunui hata andazi, na darasa zima likanyamaza.

Kisha nikawauliza: Je, wazazi wale ni wakaidi? Wengi walijibu upesi kwamba ndiyo. Hapo mkufunzi hana budi kuwarudisha nyuma. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa mwaka 2012 kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ndio kitovu cha kilimo cha pamba nchini. Pamba hupandwa kuanzia Novemba na kuvunwa kuanzia Mei. Kuanzia Januari hadi Aprili mkulima hana fedha. Ana deni la dawa na mbegu. Msimu ukiwa mbaya, kama ule wa 2019 ambapo bei ya dunia ilishuka na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi, hata Agosti mfuko unaweza kuwa mtupu. Mzazi aliyeahidi shilingi 1,000 kila mwezi aliahidi kwa kalenda ya mtu wa mshahara. Wanachuo wenyewe ndio waliogundua kwamba mchango ungeweza kutolewa mara moja, baada ya mauzo ya pamba, ukatunzwa. Hilo lisingemaliza tatizo, lakini lingempunguzia mlezi miezi minne ya kungoja.

Kinachoondoka pamoja na mlezi

Katika eneo la Bariadi mtoto wa miaka minne au mitano huja kituoni akiwa na lugha moja tu, Kisukuma. Mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine huanza Kiswahili siku ya kwanza, na mtoto hunyamaza. Ukimya huo mara nyingi huandikwa katika ripoti kuwa uzito wa akili. Nimewahi kuusoma mimi mwenyewe katika ripoti ya mwanachuo wangu, na sikuona haya kumrudishia.

Mlezi ndiye daraja. Mwezi Februari, kabla mambo hayajaharibika, nilimtazama mama yule akifundisha idadi. Alishika vifuniko viwili akauliza kwa Kisukuma, watoto wakajibu kwa kiini cha -bili. Akasema "mbili", nao wakacheka kwa kuwa neno lilikuwa karibu sawa. Kwa tatu wakasema -datu, akawaonyesha kwamba sauti moja tu ndiyo imebadilika. Kwa muda wa dakika kumi watoto walikuwa wamepata jambo ambalo mwanachuo wangu alikuwa amelipangia wiki nzima: kwamba Kiswahili ni jirani wa lugha ya nyumbani. Hakuna chuo kilichomfundisha mbinu hiyo. Aliibuni kwa sababu alikuwa ndani ya lugha zote mbili.

Zaidi ya hayo, alijua mtoto gani hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, nani haruhusiwi kuvuka mto mvua zikinyesha, na nani hafiki asubuhi bila kutumwa kwanza kuswaga ndama. Hakuna kati ya hayo lililokuwa limeandikwa mahali popote. Alipoondoka, yaliondoka.

Msaada wa serikali uko wapi?

Ingekuwa si haki kusema kwamba serikali haijafanya kitu. Mwaka 2014 ulianza mradi wa EQUIP-Tanzania, kwa fedha za Uingereza, na Simiyu ikawa miongoni mwa mikoa yake. Mradi huo ulitayarisha mpango wa utayari wa kuanza shule wa wiki 12, uliofundishwa kwa hadithi na michezo na wasaidizi waliochaguliwa na jamii, yaani walezi wa aina hii hii, wakapewa mafunzo mafupi na posho kidogo. Mbinu zilikuwa nzuri, na baadhi ya vitabu vyake vya hadithi bado naviona shuleni. Mradi ulipofungwa mwaka 2020, posho nayo ilikoma. Mwaka huo huo, kuanzia Machi, shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na zile za awali na msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Mlezi asiye na ajira alikaa miezi hiyo bila hata ahadi.

Tarehe 13 Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangiwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, ambayo inakusanya pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi wa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Katika mwaka wa fedha 2021/22, kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, na kati yake 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi, yaani vile vinavyowekwa karibu na makazi ili mtoto mdogo asitembee mwendo mrefu. Kwa Simiyu, ambako miji ya wafugaji na wakulima imetawanyika na mito ya msimu kama Duma hukata njia, kituo shikizi ni neema. Baadaye ukaja mradi wa BOOST, na pia programu ya Shule Bora ambayo nayo inafanya kazi mkoani humu. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, yanafanyika shuleni na katika vituo vya walimu.

Lakini tazama mlezi anasimama wapi katika hayo yote. Vituo vya kulelea watoto viko chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na husimamiwa na maofisa ustawi wa jamii. Madarasa ya awali yako chini ya TAMISEMI, na mtaala wake chini ya Wizara ya Elimu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, inawahusu walimu walioajiriwa. Mlezi ana milango mitatu, na katika kila mlango anaelekezwa ule mwingine. Ujenzi wa darasa una kasma yake. Mtu atakayekaa ndani yake mara nyingi hana.

Wapo wanaopendekeza kwamba walezi waunde vikundi vya wanawake wakope katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Mimi siafiki, isipokuwa kwa kikundi chenye mradi mwingine wa kuzalisha. Mkopo hulipwa kwa mapato, na mapato ndiyo asiyokuwa nayo mlezi. Kumkopesha mtu anayelipwa shilingi 51 kwa saa ni kumwongezea mzigo.

Naona njia fupi zaidi ni halmashauri kutenga posho ndogo lakini ya uhakika. Tuchukue mfano wa hesabu tu: walezi 60 kwa shilingi 50,000 kila mwezi ni shilingi 3,000,000 kwa mwezi, na 36,000,000 kwa mwaka. Ushuru wa mazao ya biashara, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3, huingia katika mfuko wa halmashauri, na huku kwetu zao lenyewe ni pamba. Zao hilo linalomtoa mlezi darasani mwezi wa Mei lingeweza kumrudisha. Nakubali kwamba shilingi 50,000 si mshahara, na asiitumie mtu yeyote hesabu yangu kuahirisha ajira za walimu wa awali wenye sifa, ambao ndio haki ya kwanza ya watoto hawa. Hata hivyo posho inayofika kila mwezi ni bora kuliko ahadi ya 40,000 isiyofika.

Kwamba mkoa huu unaweza kuamua jambo likafanyika, tumekwisha kuona. Katika uongozi wa Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, kati ya 2016 na 2021, kambi za kitaaluma za wanafunzi wa madarasa ya mitihani zilisifika nchi nzima. Walimu na wazazi waliitika. Natamani kuona nusu tu ya bidii ile ikielekezwa kwa watoto wasiokuwa na mtihani wowote wa kuuonyesha kwa wageni.

Wenzetu wa nje nao wana funzo. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti, na tangu 2013 kaunti ndizo zinazoajiri walimu hao; mishahara hutofautiana sana kati ya kaunti na kaunti na madai hayajakoma, lakini mwalimu anamjua anayemdai. Marekani, nchi tajiri, ilitenga dola bilioni 24 mwaka 2021 kuvinusuru vituo vya watoto visifungwe, na sehemu kubwa ikatumika kuwalipa wafanyakazi. Muda wa fedha hizo uliisha Septemba 30, 2023, na wenye vituo wakarudi kwenye swali lile lile la mlezi wa Bariadi baada ya mradi kufungwa.

Jinsi ya kuifundisha mada hii chuoni

Mimi hutumia vipindi vitatu. Cha kwanza ni hesabu niliyokwisha kuieleza. Cha pili ni igizo la mkutano wa kitongoji, lenye mtendaji, mwalimu mkuu, wazazi wanne na mlezi. Nimeona kwamba wanachuo hugombea nafasi ya mtendaji, na nafasi ya mlezi hubaki bila mtu. Basi humpa yule aliyesema kwa sauti kubwa zaidi kwamba wazazi ni wakaidi. Akikaa pale mbele dakika kumi akisikiliza watu wanavyojadili posho yake kana kwamba hayupo, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kipindi cha tatu ni cha andalio la somo la watu wawili, na hicho ndicho kizito. Wanachuo wamezoea kuandika safu mbili: kazi ya mwalimu na kazi ya mtoto. Tunaongeza ya tatu, kazi ya mlezi. Mathalani katika somo la idadi hadi tano, mwanachuo hukaa na watoto kumi na watano kwenye kona ya hesabu, akitumia vifuniko, wakati mlezi yuko chini ya mti na wengine, akihesabu nao kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwa mchezo wa kuruka mistari. Baada ya dakika ishirini makundi hubadilishana. Mwanachuo asiyejua Kisukuma hupangiwa kuanza kwa kumsikiliza mlezi, si kwa kumsahihisha. Wapo wanaoona hilo ni kujishusha. Hao huwapeleka kwenye vituo vyenye walezi wazee.

Pia tumeanzisha daftari la mlezi. Kila Ijumaa mwanachuo hukaa na mlezi kwa nusu saa na kuandika anayoyajua juu ya kila mtoto, pamoja na nyimbo, michezo na maneno ya Kisukuma aliyoyatumia wiki hiyo. Daftari hubaki kituoni. Faida yake ni mbili: mlezi akiondoka, atakayekuja haanzi gizani, na akibaki, ana maandishi ya kazi yake anayoweza kuyapeleka mbele ya halmashauri au kwa Afisa Elimu Kata akiomba aingizwe katika mafunzo ya MEWAKA. Wala tusidanganyane: daftari halilipi chakula cha jioni, na mkufunzi anayelitumia kama badala ya posho amekosea.

Zoezi kwa wanachuo

Tembelea kituo kimoja karibu na unapofanyia mazoezi ya kufundisha. Andika mlezi amelipwa mara ngapi tangu Januari, na nani, kisha ukokotoe malipo yake kwa saa. Linganisha miezi wanayoombwa wazazi mchango na miezi wanayopata fedha katika kijiji hicho, upendekeze kalenda nyingine. Mwisho, tayarisha andalio la somo la dakika arobaini lenye safu ya mlezi, umsomee mlezi mwenyewe kabla ya kulifundisha, na uandike yale atakayoyabadilisha.